Povu Jekundu

Tarehe 2 Juni

Nimerudi nyumbani. Kiwanda cha rangi kimefunga maabara yetu na kutuaga kwa kopo la rangi nyeupe kila mtu, kana kwamba sote tuna kuta zinazosubiri kupakwa. Kaka amesema nisikae bure, mavuno ya manjano yameanza na mikono haitoshi. Miaka yote kiwandani nilikuwa nalipwa kutazama njano na kusema hii imezidi, hii imepungua. Sasa nimekuja kuishi ndani ya njano yenyewe. Ukuta wa karakana ni wa njano, kitasa cha choo cha njano, na paka wetu, aliyezaliwa mweupe, keshakata tamaa ya kujilamba.

Mama amenikumbatia kwa furaha na kuniachia alama za viganja vyake viwili mgongoni, kwenye blauzi yangu nzuri. "Karibu kazini, mwanangu," akasema, akicheka. Magoti bado yanamtesa. Anashuka ngazi za barazani kinyumenyume.

Tarehe 3 Juni

Tumechemsha mizizi kutwa. Mgongo hauna hali.

Tarehe 5 Juni

Kibarua mpya amepiga ukelele bombani. Alikuwa amejipaka sabuni ya mche, na povu likamgeukia jekundu kama damu. Akatupa sabuni, akajikagua vidole akitafuta alipojikata. Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini, maana kila mmoja aliwahi kupiga ukelele huohuo.

Nikamweleza. Ile rangi ya manjano inatokana hasa na kitu kinachoitwa kurkumini. Ikikutana na sabuni, au majivu, au magadi, inageuka nyekundu. Ukiikamulia limau inarudi njano. Nikamfanyia palepale kwenye beseni, nyekundu, njano, nyekundu tena. Tangu saa ile vibarua wananiita Maabara. Wifi naye, mke wa kaka yangu, ameidaka. "Maabara, chakula tayari." Nimejifanya sijasikia, lakini njaa ilikuwa inauma, nikaenda.

Tarehe 8 Juni

Leo nimegundua biashara ya pili ya Kaka. Pale getini kuna ubao: DHAHABU NZITO. MAGOTI, MGONGO, PRESHA, SUKARI, MACHO, NDOA. Nimemuuliza manjano yanatibu vipi ndoa. Akasema mtu akipona mgongo, ndoa inajijibu yenyewe.

Anaroweka unga wa manjano kwenye pombe kali, anachuja, anakausha juu ya moto mdogo mpaka ubaki uji mzito kama asali, kisha anauchanganya na mafuta. Kijiko kimoja cha ule uji kimebeba bakuli zima la unga. Watu wanakuja na chupa zao, na wanamwita Dokta. Dokta! Huyu aliyewahi kufuga kuku wakaibwa wote, akafyatua matofali yakayeyuka na mvua.

Na Mama anakunywa. Asubuhi kijiko, jioni kijiko.

Mezani nikamwambia ukweli, kwamba hiyo kurkumini ni kweli inapoza uvimbe, watafiti wameipima kwa magoti na wengine wameona nafuu, lakini mwili hauipokei kirahisi. Inaingia kama mgeni asiyekaribishwa, inapita ukumbini, inatokea mlango wa nyuma. "Unawauzia watu kitu cha kupita tu," nikasema. Nilitaka anyamaze.

Hakunyamaza. Akaweka kijiko chini. "Sasa huyo mgeni anakaribishwaje?"

Nami, kwa kiherehere cha mtu asiye na kazi, nikajibu. "Kwa pilipili manga. Ina kitu kinachozuia ini lisiitoe haraka."

Tarehe 9 Juni

Kaka amenunua gunia la pilipili manga. Nyumba nzima inapiga chafya. Nimemwambia sikusema atie pilipili, nilisema kwa nini dawa yake haifanyi kazi. "Ndiyo hivyo hivyo," akasema, akanishika bega kwa upendo. Nilitamani kumpiga na mwiko.

Tarehe 12 Juni

Mvua. Si msimu wake hata kidogo. Tumekimbizana na maturubai kufunika mizizi iliyoanikwa.

Tarehe 13 Juni

Mvua.

Tarehe 14 Juni

Mvua, na sasa mizizi inaota ukungu. Nilisema tangu mwanzo tujenge kichanja cha juu tusianike sakafuni. Kaka akasema kichanja ni mawazo ya ofisini. Leo amefunua nusu ya turubai la kwanza akakuta ukungu wa kijivu, akanitazama, akasema, "Usiseme." Sikusema. Nimekuja kusema hapa: NILISEMA.

Mama anajikuna mikono. Vumbi, anasema.

Tarehe 17 Juni

Jua limerudi, na Mama ameshuka ngazi za barazani akitazama mbele.

Nimeliona kwa macho yangu. Alishika nguzo, akashuka ngazi moja baada ya nyingine, akafika chini, akageuka kututazama kama mtoto aliyejifunza kutembea. Vibarua wakapiga makofi. Kaka alizunguka tu karakana akipiga mluzi, jambo lililoniudhi kuliko maneno. Nimefurahi kwa ajili ya Mama. Kwa ajili ya Kaka nimeshindwa. Nimejaribu, imegoma.

Tarehe 21 Juni

Fundi Saa, jirani yetu wa kona, amekuja kuchukua chupa ya tatu. Anasema sasa anaweza kuinamia saa kutwa bila kulalamika. Kaka akaipigia debe dawa yake palepale. "Na mama yetu je? Ameongezewa, sasa ni vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Mtazame anavyong'aa!"

Mama alikuwa amekaa uani. Kweli alikuwa anang'aa, sote tunang'aa. Lakini chakula hakugusa. Nilipomuuliza akasema ameshiba harufu.

Anajikuna bado. Nimemnunulia mafuta ya ngozi.

Tarehe 26 Juni

Wifi amenivuta pembeni. "Maabara, mkojo wa Mama umekuwa mwekundu kama chai ya mkandaa. Kamuulize wewe, mimi ni mkwe."

Nikamuuliza. Mama akacheka. "Si nakunywa manjano? Kinachoingia ndicho kinachotoka."

Jibu lile lilikuwa na mantiki ya mtu asiyesoma kemia, na mimi niliyesoma nikalipokea. Kabla sijapata wasaa wa kufikiri, mkanda wa mashine ya kusaga ukakatika, Kaka akaanza kupiga kelele, nikaenda kushika tochi huku akilaumu mkanda, mashine, mvua, na mwisho mimi, eti nilisimama vibaya.

Tarehe 2 Julai

Tunasaga. Vumbi la njano mpaka kwenye mswaki. Mama amelala mchana kutwa. Uchovu, anasema. Mtu gani hachoki hapa?

Tarehe 4 Julai

Nitaandika, maana nisipoandika nitagombana na mtu.

Asubuhi Mama alikuja kukaa dirishani kwangu anyooshe miguu juani. Nilikuwa nashona gunia. Akainua uso kuniambia nimeruka mshono mmoja, na jua likamwingia machoni. Yale meupe ya macho hayakuwa meupe. Yalikuwa ya njano. Si njano ya vumbi. Hii ilikuwa njano iliyoiva, yenye ukijani kwa mbali, na mimi nimeshinda miaka nikitofautisha njano na njano kwa riziki yangu. Nikadondosha sindano.

"Mama, tangu lini macho yako yako hivi?"

"Yakoje?"

Hana kioo. Kioo cha nyumba hii kina vumbi mpaka kimekuwa cha njano nacho.

Nikamwita Kaka. Akaja na chupa na kijiko mkononi, maana ndiyo saa ya dozi. Akatazama. "Vumbi hilo."

"Vumbi linaingia ndani ya jicho likae? Angalia vizuri!"

Akaangalia vizuri. Nilimwona akiona. Halafu, badala ya kuogopa, uso ukamfunguka kama mtu aliyepata jawabu la fumbo. "Basi ana manjano," akasema. "Ugonjwa wa manjano. Si tuna bahati? Dawa yake si ndiyo hii? Manjano yanatoa manjano. Dawa ya moto ni moto." Akamimina kijiko, kikafurika.

Sijui niseme nini juu ya hasira niliyoipata. Jina moja tu, limepewa mzizi na limepewa ugonjwa, na ndugu yangu wa tumbo moja anataka kumwua mama yetu kwa sababu ya jina. Nikamshika mkono, uji ukamwagika kwenye kanga ya Mama. Tukavutana chupa kama tulivyokuwa tukivutana mpira. Mama akawa anasema, "Msigombane, wanangu, nipeni tu ninywe, msigombane."

"Ini lake linaumwa!" nikapiga kelele.

"Umepima? Maabara yako iko wapi? Ameshinda kwenye vumbi msimu mzima, kila mtu hapa ni wa njano! Wewe mwenyewe wa njano!"

Na hilo ndilo lilikuwa kweli. Nikatazama mikono yangu, yake, ya wifi aliyekuwa amesimama mlangoni ameziba mdomo. Katika nyumba yoyote nyingine, jirani wa kwanza kupita angesema huyu mama ana nini. Kwetu alipita msimu mzima katikati yetu akigeuka rangi, na tukasema anang'aa.

Nikaenda kuchukua beseni na sabuni ya mche.

Nilianza na viganja vyake. Povu jekundu, kama kawaida. "Unaona?" Kaka akasema. Nikamwaga maji. Nikampandisha Mama mkono wa gauni mpaka begani, pale juu ambako vumbi halifiki, ambako ngozi ilikuwa ya njano vilevile. Nikasugua. Povu likaja jeupe.

Nikasuuza, nikasugua tena. Jeupe, safi, kama la nguo mpya. Na ngozi chini yake ikabaki ya njano.

Kaka akaninyang'anya sabuni. Akapiga magoti, akausugua ule mkono yeye mwenyewe. Alisugua kwa nguvu, akitafuta wekundu, akiongeza maji, akiongeza sabuni, mpaka Mama akasema taratibu, "Utanichuna, baba."

Hapo akaacha. Akaiweka sabuni sakafuni kama kitu cha kuvunjika, akatoka nje, na nikasikia anawasha gari.

Tarehe 5 Julai

Hospitali. Amelazwa. Wamechukua damu. Hatujui kitu.

Tarehe 7 Julai

Daktari ni mama mmoja mfupi, mpole, asiye na haraka ya kulaumu. Wamepima virusi vya ini, hakuna. Wamepiga picha, hakuna mawe ya nyongo. Akauliza Mama anatumia dawa gani. Kaka akatoa ile chupa mfukoni mwenyewe, sikumwambia aje nayo.

Daktari akainusa. "Kuna pilipili manga humu?"

Kaka akanitazama. Nikatazama ukuta.

Akatueleza kwamba manjano ya kwenye mboga hayana neno, watu wamekula tangu zamani. Lakini ukiyakamua yakawa mazito namna ile, ukaweka na pilipili ya kuyafungulia njia, wapo watu wachache ambao ini lao linakataa. Kwa nini huyu na si yule, hakuna anayejua kwa hakika. Ini likishindwa kazi, nyongo inarudi kwenye damu, na hiyo ndiyo njano ya ngozini, na ndiyo wekundu wa mkojo, na ndiyo kujikuna. Yote niliyoyaona. Mafuta ya ngozi nimemnunulia mimi!

"Atapona?" Kaka akauliza.

"Tumeacha dawa, sasa tunasubiri ini. Wengi hupona. Siwezi kukuahidi."

Korido nzima Kaka alitembea nyuma yangu. Kwenye sinki la mlangoni akasimama kunawa mikono, na alipomaliza akaanza tena, na tena. Maji mekundu yalishuka sinki zima. Nilimwambia twende. Hakusikia.

Tarehe 8 Julai

Ugomvi. Nimesema chupa zote zirudishwe. Kaka amesema ataacha kuuza kimyakimya, inatosha, Mama ana umri, wateja wengine hawana shida. "Umewapima macho?" nikamuuliza. Akasema nimerudi nyumbani kumwaibisha. Nikamwambia yeye ni tapeli.

Wifi, ambaye huwa haingilii, akainuka akaenda chumbani, akarudi na chupa iliyobaki nusu. Akaigonga mezani mbele yangu. "Hii ni ya kwake. Anakunywa kila siku, kabla ya Mama. Anakunywa kwanza yeye. Tapeli anakunywa dawa yake?"

Nilikuwa na hasira iliyokosa pa kukaa, na hiyo ni hasira mbaya kuliko zote.

Tarehe 10 Julai

Tumezunguka na Kaka kukusanya chupa. Anabisha hodi, anavua kofia, anasema, "Dawa yangu imemdhuru mama yangu. Naomba uirudishe." Kila nyumba maneno yaleyale. Wengine walirudisha. Wengine walicheka, wakamwita Dokta kwa sauti nyingine. Mmoja alifunga mlango.

Fundi Saa amekataa kabisa. Tumemweleza ini, tumemweleza nyongo, nimemchorea mpaka picha kwenye boksi la saa. Akasema, "Mimi mgongo umepona. Ya mama yenu ni ya mama yenu." Nikamwomba basi anionyeshe macho. Yalikuwa meupe kama karatasi, mzima wa afya, na hilo ndilo lililomshindia hoja. Tulipotoka Kaka akasema, "Sasa unajua ninavyojisikia nikibishana na mtu." Nikacheka bila kutaka. Kesho atarudi kumwomba tena, anasema, na keshokutwa.

Tarehe 13 Julai

Nimekaa na Mama wodini. Macho bado. Nimemuuliza kitu kilichokuwa kinanichoma, tangu lini alijisikia vibaya.

"Tangu ile mvua," akasema.

"Mama! Ile mvua? Na ukaendelea kunywa?"

Akanyoosha shuka. "Kila asubuhi anakuja na kijiko. Anasimama pale, ananitazama nameza. Vilevile alivyokuwa akinitazama zamani akileta ripoti ya shule, unakumbuka zilivyokuwa. Kuku waliibwa. Matofali yakayeyuka. Hii ndiyo ilikuwa imeshika. Na magoti yalipata nafuu kweli, sikumdanganya. Ningemwambiaje mtoto wangu kwamba hii nayo imeniharibikia tumboni?"

Nilikasirika. Nimekasirika mpaka sasa. Kaka alikunywa kwanza ili imfae Mama, Mama akanywa ili imfae Kaka, nami mwenye kujua nikatoa siri ya pilipili ili nishinde mabishano ya mezani. Nyumba ya watu wanaopendana, na ilibaki kidogo tuzikane.

Nikatoka nje nikalia karibu na pipa la taka, ambako hakuna wa kuniuliza.

Tarehe 19 Julai

Majibu ya damu yameshuka. Kidogo, amesema daktari, msishangilie. Kaka alimshukuru mpaka mlinzi wa getini.

Tarehe 24 Julai

Kaka anajenga kichanja cha juu cha kuanikia. Mizizi ya kuanika imeshaisha.

Tarehe 28 Julai

Mama karudi nyumbani. Ubao wa getini umepakwa rangi nyeupe, kopo langu la kiwandani limepata ukuta. Fundi Saa amekuja kumpa pole, na chini ya kikapu cha matunda kulikuwa na chupa yake, nusu, hakuisema na sisi hatukuisema.

Mama anashuka ngazi kinyumenyume tena. Kaka hawezi kutazama. Kila anapoanza kushuka, yeye anakumbuka kazi upande wa pili wa nyumba.

Tarehe 6 Agosti

Siku ya mwisho ya msimu, kuchagua mizizi ya mbegu. Tumemkataza Mama asiguse kazi. Mama amekubali vizuri sana, kwa hiyo nilipaswa kujua.

Adhuhuri nimetoka karakana nikamkuta uani ameketi katikati ya mizizi, amevaa gauni lake pana lisilo na mikono, anachagua na kuimba. Na shingo yake ilikuwa ya njano. Na mabega. Na mkono mzima mpaka kwapani.

Sikumbuki nilivyofika bombani. Nilirudi na beseni maji yakinimwagikia miguuni, sikumsalimia, nikamshika mkono nikaanza kusugua. Kaka alikuwa juu ya ngazi ya kichanja. Nilisikia nyundo imeanguka. Akaja, akasimama nyuma yangu akipumua kwa nguvu. Wifi akaja. Vibarua wakaacha magunia.

"Mnanitisha," Mama akasema. "Mnanitazama kama maiti."

Povu likaanza kutoka chini ya kidole changu gumba, kwanza rangi ya chungwa, kisha nyekundu. Jekundu kabisa, likatiririka mpaka kiwiko, likadondoka kwenye beseni. Nikasuuza. Chini yake ngozi ya Mama ilikuwa ya kahawia, ileile aliyonizaa nayo. Nikamgeuza uso juani nikamtazama macho. Meupe.

Kaka alikaa chini palepale kwenye mizizi ya mbegu, akaponda kadhaa, akafunika uso kwa mikono, na mikono ilipotoka uso wote ulikuwa wa njano. Sijapata kupenda uchafu wa mtu kiasi kile.

Mama akakung'uta povu mkononi, akatutazama mmoja mmoja.

"Ni uchafu tu, wanangu," akasema. "Rudini kazini."